Besi Ni Mimi

Alipofika miaka kumi na miwili sauti yake iliteremka kama ya mvulana, ikafika chini, ikakaa huko. Haikurudi. Kaka zake wawili, wakubwa kwake, walikuwa bado wanaisubiri ya kwao ishuke, wanasubiri na kusubiri, huku mdogo wao wa kike ameshawatangulia. Mtu akibisha hodi mlangoni, yeye ndiye anauliza, "Nani?" na mgeni anajibu kutoka nje, kwa adabu zote, "Shikamoo, mzee." Kaka zake wanagaragara sakafuni kwa kicheko. Yeye hacheki wala halii. Anafungua mlango, anamtazama mgeni usoni, anasema, "Marahaba. Ingia."

Ndivyo alivyokuwa tangu hapo. Hakuwa mgomvi. Alikuwa tu hasogei.

Shuleni aliingia kwaya, maana alipenda kuimba kuliko kula. Mwalimu wa kwaya akamsikiliza mara moja, akamwambia, "Wewe uwe unafungua mdomo tu. Sauti usitoe." Akafungua mdomo muhula mzima kama samaki. Siku ya wazazi ikamshinda, akaitoa, na wazazi wa mistari ya mbele wakageuka kutafuta ni mwanaume gani amejificha kwenye watoto. Kesho yake akatolewa kwenye kwaya. Basi akaenda kusimama nje, kwenye dirisha la chumba cha kwaya, akawa anaimba na wenzake kutokea huko. Mwalimu akafunga dirisha. Akahamia la pili. Mwalimu akafunga la pili. Chumba kile kilikuwa na madirisha manne na siku ile lilikuwa joto kali, watoto wakaanza kutoka jasho mpaka kwenye madaftari. Mwalimu akayafungua yote, akaendelea na somo, akajifanya kiziwi.

Jina la Besi, yaani sauti ya chini kabisa, alilipata ukubwani, kiwandani kwa dobi.

Dobi mwenyewe si yule wa ndoo na kamba. Lilikuwa jumba zima, linafua mashuka ya hospitali na vitambaa vya meza vya mahoteli. Chumba cha kufulia kiko nyuma, cha kukaushia katikati, na cha pasi mbele, ambako mvuke ulikuwa mzito mpaka kuta zilikuwa zinatoka jasho kama watu. Besi alikuwa wa pasi. Mashuka makubwa hukunjwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, mnasogeleana, mnakutana katikati, mnarudi nyuma, mnasogeleana tena. Mkikosana hatua, shuka linagusa chini, na likigusa chini linarudi kufuliwa na msimamizi anakujia juu. Kwa hiyo watu walikuwa wanahesabu, na kuhesabu kukawa kuimba.

Mwenzake wa upande wa pili wa shuka alikuwa msichana mmoja mchangamfu, ana mdomo, hakosi neno. Walikunja mashuka pamoja miaka miwili, na mwaka wa tatu yule msichana akampeleka Besi kwao, akamwonyesha kaka yake. Kaka akamwoa. Tangu hapo wakawa wanaitana wifi, na kukunja mashuka wakaendelea kukunja.

Wa tatu katika kuimba huko alikuwa Fundi, mtengenezaji wa mashine, kiunoni amening'iniza spana kama funguo za jela. Huyu alikuwa na kipaji cha kuiga kwa mdomo mlio wa kila mashine iliyomo mle, na mashine ikiharibika alikuwa anamwigia tajiri namna inavyolia kabla hata ya kumwambia kifaa gani kimekufa. Wa nne alikuwa Dereva wa gari la kupeleka mashuka. Alikuwa anaingia kubeba vikapu vyake, anawakuta wenzake wanaimba, anaweka sauti yake juu. Ilikuwa nyembamba na safi, na watu wa chumba cha kufulia walikuwa wanafunga bomba ili waisikie.

Ila kulikuwa na tatizo la kelele. Mashine zikiwa zinafanya kazi, husikii hata mtu anayekupigia ukelele sikioni. Nafasi yao ilikuwa moja tu: pale ngoma kubwa ya kukaushia inapozimwa. Ngoma ile haikuwa inasimama papo hapo. Ilikuwa inazunguka kwa uzito wake, mlio unashuka taratibu, unashuka, mpaka unakufa. Hapo ndipo wanne wale walikuwa wanaimba wimbo wao, kuanzia swichi inapozimwa mpaka ngoma inaposimama, mara sita au saba kwa siku, miaka na miaka. Wala hakuna aliyejiuliza masikio yao yanajifunza nini.

Siku moja mkuu wa wauguzi alikuja kulalamikia mashuka yenye madoa. Akawasikia. Madoa akayasahau, akaondoka na ahadi kwamba watawaimbia wauguzi siku ya kuhitimu kwao. Wakaenda, wameazima viatu, hawana gitaa wala kinanda. Fundi alikuwa anapiga ngoma na matoazi kwa midomo, Besi anatembea chini, Wifi anashona katikati, Dereva anapaa. Wauguzi walisimama juu ya viti. Baada ya hapo wakaitwa kwenye ofisi fulani, kisha kwenye uzinduzi wa duka la samani, kisha redioni kuimba tangazo la sabuni, na watu wakaanza kuwaita Midomo Minne. Msimamizi akawaambia wachague, midomo au mashuka. Wakavua aproni wote wanne siku ile ile, wakazikunja vizuri sana, pembe kwa pembe, wakamwekea mezani.

Kuanzia hapo kazi yao ikawa kuimba. Mazoezi yalikuwa sebuleni kwa Wifi, na yalikuwa na namna yake. Walikuwa wanasogeza viti ukutani, wanatandaza shuka moja hewani, kila mtu anashika pembe yake, wanalivuta likaze. Hakuna kupiga makofi wala kugonga mguu. Mtu akikimbia, shuka linamvuta mwenzake. Mtu akichelewa, linalegea. Hata pumzi ulikuwa unaisikia kwenye vidole: unajua Wifi anajaza kifua, unajua Fundi amebakiwa na kidogo. Wanamuziki wengine walikuwa wanawacheka, wanawaita mafundi wa hema. Lakini hakuna kundi lililokuwa linaanza pamoja na kumaliza pamoja kama wale.

Doa lilikuwa moja. Mtu wa mitambo wa redio ndiye aliyewaambia kwanza. "Mnashuka," alisema. "Mnaanzia hapa, mnamalizia hapa." Akawaonyesha kwa kidole kwenye kinanda. Kweli, wimbo ulikuwa umeteremka chini ya ulipoanzia, na wao hawakuwa na habari.

"Ni besi," Dereva alisema pale pale. "Kitu kizito kikiwa chini si lazima kivute?"

Ilionekana kama akili, na hakuna aliyepinga. Ikawa ndivyo ilivyo. Wimbo ukishuka, Dereva anageuka, "Besi, usituvute." Miaka kumi na minne, "Besi, usituvute." Naye mwenyewe akaamini nusu. Alikuwa anafanya mazoezi jikoni shingo ameinyoosha kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Fundi, kwa nia njema kabisa, akamshauri asimame juu ya kigoda, huenda sauti ikanyanyuka, na mwaka mzima watu wazima wale walisafiri na kigoda cha mbao kwenye begi la nguo! Wakawa wanakiweka jukwaani, Besi anapanda, wanaimba, wanashuka vile vile. Mwisho wa mwaka alikiacha makusudi nyuma ya pazia la ukumbi mmoja. Walipomuuliza akasema, "Kimechoka. Nami nimechoka."

Ndipo ikaja hoteli.

Ilikuwa hoteli kubwa, yenye ukumbi wake, na mkataba wa mwaka mzima, kila wiki mara mbili. Kundi la midomo mitupu halikuwahi kupata kitu kama hicho. Meneja wa burudani aliwasikia mahali, akamwita Dereva peke yake, wakazungumza. Kilichozungumzwa Besi alikipata kwa Wifi, aliyekuja kwake asubuhi, akakaa jikoni, akasifia masufuria, akasifia pazia, akauliza habari za mgongo wa mume.

"Wifi," Besi alisema, "kaka yako mgongo hauumi, na pazia hili umelinunua wewe. Sema kilichokuleta."

Wifi akashusha pumzi. "Wanataka kujaribu besi mwingine. Mwanaume. Anasoma noti za muziki, wanamwita Bwana Noti. Eti kwa sababu tunashuka."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema nitakuja kukwambia."

"Hicho ndicho ulichosema?"

Wifi, yule hodari wa maneno, akaangalia vidole vyake. Besi alimenya kitunguu chote mpaka kikaisha.

"Jaribio saa ngapi?"

"Saa nane mchana. Lakini wifi yangu, wewe hujaitwa."

"Sijaitwa kuimba. Kukaa je? Na kukaa kunahitaji barua?"

Saa nane kasoro alikuwa ameshafika. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimepinduliwa juu ya meza, mama mmoja anapiga deki taratibu akielekea mlangoni. Besi akashusha kiti kimoja, akakiweka katikati kabisa mbele ya jukwaa, akakaa, akatia pipi mdomoni. Meneja alimwona, akasafisha koo, akaamua kuangalia saa.

Bwana Noti alikuwa mtu mrefu, mpole, na faili la karatasi kwapani. Akamsalimia Besi kwa heshima, akaonekana hajui ni nani. Fundi akalitoa shuka. Dereva akanong'ona, "Hapa nalo? Tutachekwa," lakini Fundi alishalitandaza. Bwana Noti akaishika pembe kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto aliyelowa.

Wakaanza. Na haki lazima isemwe: sauti ya mtu yule ilikuwa nzuri. Ilikuwa pana, imelala sawa, haina kokoto. Besi alipoisikia akajisemea, leo nimekwisha. Beti ya kwanza ikaenda. Beti ya pili kitu kikaanza kukwaruza, kidogo tu, kama mlango usiokaa vizuri kwenye fremu. Beti ya tatu ikawa mateso. Watatu wanakwenda huku, wa nne yuko kule, na mama wa deki akasimamisha fagio lake, akakunja uso.

Dereva, kwa mazoea yake ya miaka yote, akageuka na hasira, "Besi, usituvute!"

Kisha akamwona alipokaa.

"Nani, mimi?" Besi aliuliza. Akahamisha pipi kutoka shavu moja kwenda jingine. "Mimi nimekaa. Nanyonya pipi."

Fundi aliachia pembe yake ya shuka, akainama, akacheka mpaka spana alizokuwa bado anazitembeza kiunoni zikagongana. Bwana Noti hakucheka. Alitoa mfukoni chuma kidogo chenye meno mawili, cha kupimia sauti, akakigonga kwenye goti, akakisikiliza. "Mimi nipo palepale tulipoanzia," alisema. "Ninyi watatu mmeshuka. Tena mmeshuka pamoja, kwa kipimo kimoja, kama watu wanaoteremka ngazi wameshikana mikono. Miaka yangu yote sijasikia kitu kama hiki."

Wakarudia. Ikawa vile vile. Wakarudia tena, vile vile tena. Besi pale kwenye kiti alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha, anasikiliza mteremko wenyewe, mwendo wake, namna unavyoanza polepole halafu unakaza karibu na mwisho. Akaufahamu. Alikuwa ameusikia mara sita au saba kwa siku, ujana wake wote.

"Ni ngoma," akasema. "Ngoma kubwa ya kukaushia."

Fundi akafungua mdomo, akauiga mlio ule kuanzia swichi mpaka kifo chake, na Wifi akaziba uso kwa viganja. Wimbo wao na ngoma ile vilikuwa vimeshuka pamoja, hatua kwa hatua. Wote wanne walifundishwa na mashine moja, na lawama akabebeshwa mtu mmoja.

"Kumbe," Dereva alisema. Hilo tu, kumbe.

Meneja akapiga makofi mawili. "Vizuri, tumejua. Hilo Bwana Noti atalirekebisha. Lakini mpango uko pale pale. Huyu mama, hapana."

"Kwa nini sasa?" Wifi aliuliza. "Si mlisema ni kushuka?"

"Wageni wetu wakimwona mwanamke anatoa sauti ya pipa watacheka. Hapa ni hoteli. Si mazingaombwe."

Besi akasimama. Akatembea mpaka mbele yake, karibu, wala si kwa haraka. "Sema tena, ukiniangalia."

Meneja akasema tena, akiviangalia viatu vyake.

"Hivyo viatu vimesikia," Besi alisema. "Mimi bado." Meneja akarudi nyuma hatua moja. "Sikiliza, baba. Miaka kumi na minne nimeshutumiwa kwa kosa la mashine. Nimenyoosha shingo. Nimepanda kigoda, mtu mzima na akili zangu, mbele za watu. Nimefanya yote hayo kwa sababu nilidhani nina kosa. Sasa nimejua sina. Kwa hiyo leo sipandi, sishuki, na sitoki." Akawageukia wenzake, wala sauti hakuipunguza. "Besi wa Midomo Minne ni mimi. Anayetaka besi mwingine, ruksa. Lakini hilo litakuwa kundi jingine, na jina alitafute lake."

Kwenye fagio la mama wa deki maji yalikuwa yakidondoka.

Dereva alikuwa wa kwanza kusema, na hakusema kwa ubaya. "Mimi nauchukua mkataba, dada. Nimechoka kusubiri simu. Nina watoto wanne na hii ni mara yangu ya kwanza kuona mwaka mzima umeandikwa kwenye karatasi."

"Najua," Besi alimjibu. "Chukua. Sikununii."

Wifi akamwendea Dereva, akaitoa pembe ya shuka mkononi mwake, kidole kimoja kimoja. Akalikunja peke yake, kidevu kimeshikilia katikati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Kisha akasimama pembeni ya Besi.

"Fundi?" Meneja aliuliza.

"Mimi?" Fundi alijikuna. "Mimi, bosi, sijawahi kuiacha mashine inayofanya kazi nikaenda kufunga mpya ya kuonyesha wageni." Akaokota begi lake.

Bwana Noti aliwafuata mpaka mlangoni, akampa Besi mkono. "Mama, samahani. Sikuambiwa kuna mtu."

"Hata wao hawakujiambia," Besi alisema.

Basi wakabaki watatu, na mambo hayakuwanyookea. Wimbo ulikuwa na tundu juu, pale alipokuwa akikaa Dereva. Wakampandisha Wifi, akatoa mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta, mwenyewe akawa wa kwanza kusema basi, tusitese majirani. Wakajaribu Fundi, ikawa vichekesho. Miezi miwili wanashika shuka la pembe nne kwa watu watatu, pembe moja wameifunga kwenye kitasa cha mlango, na kitasa hakipumui. Watu wakawaambia tafuteni kijana mwenye sauti nyembamba, wako wengi. Mume wa Besi mwenyewe akamwambia, "Mke wangu, labda imefika mwisho." Akajibiwa, "Labda yako."

Alasiri moja wako sebuleni, kila mtu amechoka na mwenzake, Besi akauliza, "Nani alisema maneno lazima yakae juu?"

"Ndivyo ilivyo," Wifi alisema. "Wimbo uko juu, besi iko chini."

"Nani alisema?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na jina la kutaja.

"Nipeni maneno," Besi akasema. "Nitayasema hapa hapa nilipo. Sihami. Ninyi kaeni juu yangu, mnipe kivuli."

Kazi yao ya kwanza namna hiyo ilikuwa mkutano mkuu wa mafundi bomba, saa nne asubuhi, kwenye bwalo lenye meza ndefu. Wanaume mia na zaidi, wengi wamekuja na buti zao, wamekwishapigana juu ya katiba ya chama na hawana hamu na muziki. Watatu wale wakapanda jukwaani, Besi katikati. Akavuta pumzi, akatoa neno la kwanza.

Bwalo likalipuka. Walicheka mpaka vijiko vikaanguka. Mmoja wa meza ya mbele, mnene, machozi yanamtoka, akapaza sauti, "Mama, nani amejificha nyuma yako?"

Besi akaacha kuimba. Hakukasirika, hakutabasamu. Akasimama mikono ameilaza tumboni, akawatazama meza moja baada ya nyingine, akasubiri kicheko kiishe chenyewe. Kilichukua muda. Kikafa huku, kikafufuka kule, kikafa tena.

"Nyuma yangu hakuna mtu," akasema. "Sogea karibu uhakikishe."

Wifi akamnong'oneza, mdomo hauchezi, "Tuanze juu kidogo, wifi? Wazoee kwanza?"

"Chini," Besi akasema.

"Pale pale?"

"Chini ya pale."

Wakaanza chini ya pale. Sauti ilipita chini ya meza kabla ya kufika masikioni, watu wakaisikia kwenye viti walivyokalia, kwenye buti, kwenye mbavu. Maneno yalikuwa ya kawaida tu, ya mtu anayemwambia mwenzake asimpunguzie chakula sahanini eti kwa sababu amechelewa kufika, lakini yakisemwa na sauti ile yalikuwa hayana mchezo. Wifi na Fundi wakakaa juu yake, wepesi, wanaingia na kutoka. Hakuna kijiko kilichogusa sahani. Yule mnene alikuwa amevuta kiti chake mbele hatua tatu, bila kukinyanyua, na mkwaruzo wake ndio kelele pekee iliyosikika.

Beti ilipokwisha Besi akatulia kuvuta pumzi, na bwalo zima likadhani ndiyo mwisho. Wakasimama, wakapiga makofi, wakapiga meza, mwenyekiti akaanza kupanda jukwaani na karatasi ya shukrani mkononi.

Besi akanyoosha kiganja, akamsimamisha kwenye ngazi.

"Kaeni chini," akawaambia. "Hiyo ilikuwa beti ya kwanza."